DAGAA WA BUKOBA: KAZALIWA JUZI, MWAKANI NI KIKONGWE!

*Anakua mbio, anazaa mapema, anakufa kabla mdogo wako hajamaliza kidato cha pili. Sasa swali ni moja tu: wavu unampa nafasi ya kuwa mzazi?*

Mpenzi msomaji, hebu vuta picha. Ni saa tatu usiku, mwezi umezama, na wewe umekaa zako ufukweni pale Bukoba mjini na mwenzako, mnapunga upepo wa ziwa. Mbele yenu ni giza tupu. Ghafla unaona taa. Moja, tatu, kumi, halafu zinakuwa nyingi hadi unaacha kuhesabu. Mgeni anayefika Bukoba kwa mara ya kwanza hudhani kuna mji mwingine kule nyuma ya kisiwa cha Musira, na pengine una disko!

Siyo mji, mshikaji wangu. Hao ni wavuvi wa dagaa. Na chini ya kila taa kuna maelfu ya vijisamaki vinavyozunguka kama vijana waliosikia muziki, havijui kwamba mlangoni kuna wavu.

Wengi wetu tunamjua dagaa akiwa tayari kwenye sahani, amekaangwa na kitunguu na nyanya, pembeni kuna ndizi au ugali. Tunamla na kichwa chake, na macho yake, hatuulizi habari zake. Lakini umewahi kujiuliza yule unayemtafuna ana umri gani? Ni mtoto? Ni mzee? Aliwahi kuzaa? Wiki hii tumeamua kumchimba, maana maisha yake ni mafupi kuliko mkataba wa kupanga chumba, na ndani ya maisha hayo mafupi kuna riziki ya vijana wengi wa Bukoba na Muleba.

NI NANI HUYU?

Kwanza tuwekane sawa. Dagaa wa Ziwa Victoria siyo yule wa Kigoma. Wa Kigoma ni ndugu wa sadini za baharini. Huyu wetu ni wa ukoo mwingine kabisa, na jina lake la kitaalamu ni Rastrineobola argentea. Alipewa maelezo ya kisayansi mwaka 1904. Wakenya wanamwita omena, Waganda wanamwita mukene, na sisi tunasema dagaa, yamekwisha.

Mwili wake ni mwembamba, unang'aa kama fedha. Mkubwa kabisa hafiki mbali na sentimeta 9, na wengi unaowaona sokoni ni wa sentimeta 4 hadi 6, yaani urefu wa kidole chako. Chakula chake ni vijidudu vidogo sana vinavyoelea majini, pamoja na mabuu ya wale wadudu wa ziwani wanaopanda angani kama moshi mweusi. Mkazi wa Bukoba anawajua: siku wakija, unafunga mdomo na madirisha.

Mchana dagaa wakubwa hukaa chini, kwenye kina. Jua likizama, vile vijidudu hupanda juu, na dagaa hupanda navyo. Ndiyo maana mvuvi wa dagaa halali usiku. Anamfuata mteja wake kwa saa za mteja.

UMRI WAKE UNAJULIKANAJE?

Hapa ndipo utamu ulipo. Dagaa hana cheti cha kuzaliwa, basi wataalamu wanajuaje umri wake?

Ndani ya kichwa cha kila samaki kuna vijiwe vidogo mno, upande huu na upande ule. Vinamsaidia kusikia na kukaa sawa majini. Kila siku inayopita, kijiwe kinajiongezea utando mwembamba, kama mti unavyojiongezea pete. Mtaalamu anakitoa, anakisugua hadi kinakuwa laini, anakiweka chini ya hadubini na kuanza kuhesabu. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu… Kazi ya kuumiza macho hiyo, lakini ukimaliza unamjua dagaa wako kwa siku, siyo kwa kubahatisha.

Kwa samaki wa nchi za baridi wanahesabu pete za miaka, kwa sababu kipupwe kikija samaki husimama kukua na alama inabaki. Huku kwetu karibu na ikweta hakuna baridi ya namna hiyo. Maji ya juu ya Ziwa Victoria ni ya uvuguvugu mwaka mzima, karibu nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Ndiyo maana pete za kila siku ndizo zenye msaada.

Njia ya pili ni ya kupima. Kila mwezi unachukua dagaa wengi, unawapima urefu mmoja mmoja, unaangalia kundi la watoto wa mwezi ule limefikia wapi mwezi huu. Ni kama mwalimu anayefuatilia darasa moja tangu la kwanza: nani wamepanda, nani hawaonekani tena.

Majibu yake? Dagaa hukua kwa kasi miezi ya mwanzo, halafu kasi inapungua. Kabla hajatimiza mwaka tayari anazaa. Akifikisha mwaka mmoja ni mtu mzima mwenye heshima zake. Akifikisha miwili ni babu kizee, na wachache sana wanaovuka hapo. Yaani dagaa aliyezaliwa siku ulipoanza kidato cha kwanza, wewe ukiingia cha tatu yeye ni marehemu, hata kama hakuna aliyemvua!

BINAMU WA BARAFUNI

Ili uone dagaa wetu anavyoishi kwa haraka, twende mbali kidogo, hadi Bahari ya Kusini inayoizunguka Antaktika. Huko kuna mdudu wa majini anayeitwa krili. Siyo samaki, ni wa jamii ya kamba na uduvi. Naye ni wa urefu wa kidole, karibu sentimeta 6 akikomaa, na uzito wake ni kama gramu 2. Kazi yake ni kama ya dagaa: anakula vidogo, na wakubwa wanamla yeye. Nyangumi, sili na pengwini wote wanaishi kwa mgongo wake.

Lakini hapo ndipo kufanana kunapokwisha. Krili anaishi kwenye maji yenye baridi ya kuganda, na kwenye baridi mwili hufanya kazi polepole. Anahitaji miaka miwili hadi mitatu ndipo aanze kuzaa, na anaweza kuishi miaka mitano hadi saba. Kwa urefu uleule wa kidole, mmoja ametumia mwaka na mwingine ametumia miaka!

Na ana vituko vyake. Kila baada ya wiki mbili tatu hivi anavua gamba lake na kuvaa jipya. Chakula kikikosekana wakati wa giza la kipupwe, gamba jipya linakuwa dogo kuliko la zamani. Anapungua! Maabara imewahi kuonyesha krili akikaa zaidi ya siku 200 bila kula, akizidi kujikunja tu. Hebu fikiria ukikosa hela mwisho wa mwezi, unarudi saizi ya darasa la nne, mshahara ukitoka unakua tena.

Ndiyo maana kumjua umri krili ni kasheshe. Urefu unadanganya, na gamba analitupa kila mara. Mwaka 2017 watafiti walieleza kwamba wamepata pete za umri kwenye vikonyo vya macho yake. Yaani huyu umri wake uko machoni, wa kwetu uko masikioni.

RIBA KUBWA, AKIBA NDOGO

Sasa utauliza, mambo ya pengwini yananihusu nini mimi wa Kashai? Yanakuhusu sana. Sikiliza.

Samaki anayekua mbio ni kama akaunti yenye riba kubwa. Dagaa waliomo ziwani leo, kwa mwaka mmoja tu, huzalisha uzito wa mara kadhaa ya walionao sasa. Ndiyo maana dagaa amevuliwa miaka yote hii na bado yupo. Zaidi ya nusu ya uzito wa samaki wanaovuliwa Ziwa Victoria ni huyuhuyu mdogo unayemdharau. Sangara ana jina na ana ndege za kumpeleka Ulaya, lakini kwa uzito dagaa ndiye mwenye ziwa.

Ila akaunti hiyo ina kasoro moja. Haina akiba ya zamani. Krili wana vizazi vitano au sita vinavyoishi pamoja. Mwaka mmoja ukiwa mbaya, mama wa miaka minne na wa mitano bado wapo, watazaa mwakani. Dagaa hana mama wa miaka minne. Wazazi wa mwaka huu ni watoto wa mwaka jana, basi. Ukivua watoto kwa wingi msimu huu kabla hawajazaa, msimu ujao huna pa kukimbilia. Riba ni kubwa, lakini ukigusa mtaji umeumia.

ALIVYOJIFUPISHA UJANA

Sasa kaa vizuri, maana hapa mambo yanakuwa mazito.

Dagaa wa leo siyo dagaa wa enzi za wazazi wetu. Watafiti waliokuwa wakifanya kazi Ghuba ya Mwanza tangu miaka ya 1970 walipima dagaa wa wakati ule, kisha wakapima tena mwishoni mwa miaka ya 1980. Wa kwanza walikuwa wakianza kuzaa wakiwa na urefu wa karibu sentimeta 5. Wa baadaye walikuwa wanaanza wakiwa karibu sentimeta 4. Kwa macho yako unaweza kusema sentimeta moja ni nini? Kwa kiumbe wa sentimeta tano, hiyo ni moja ya tano ya mwili mzima!

Kilichotokea katikati ni sangara. Aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na miaka ya 1980 akashamiri kichizi. Furu waliokuwa wamejaa ziwani, mamia ya aina, wakaliwa na kupotea kwa wingi. Dagaa akabaki na kupata nafasi, lakini alijikuta na maadui wawili kwa mpigo: sangara chini, na mvuvi mwenye taa juu.

Ukiishi mtaa ambao hujui kama utafika kesho, unafanyaje? Dagaa aliyesubiri akue ndipo azae, aliliwa au alivuliwa kabla. Aliyezaa mapema, akiwa mdogo, aliacha watoto. Mwaka hadi mwaka, waliobaki ni wale wa harakaharaka. Mwaka 2012 watafiti Diana Sharpe, Silvester Wandera na Lauren Chapman waliandika habari zinazofanana kutoka upande wa Uganda: dagaa wamekuwa wadogo, wanakomaa wakiwa wadogo, na wanatumia nguvu nyingi zaidi kuzaa.

Kuna shahidi mwingine ambaye hakusoma chuo: mdiria, yule ndege mweusi na mweupe anayening'inia hewani juu ya maji kabla ya kupiga mbizi. Zamani chakula chake kikubwa kilikuwa furu. Furu walipoadimika akahamia kwa dagaa. Lakini dagaa wenyewe wamekuwa wadogo, hivyo inabidi avue wengi zaidi ili makinda washibe. Maisha yamepanda bei hata kwa ndege!

KARABAI, WAVU NA MWEZI

Turudi kwenye zile taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, zinapumuliwa kwa mkono na kuvuma usiku kucha. Siku hizi taa za betri na za sola zimeingia kwa kasi. Kazi ni ileile: taa inawekwa juu ya maji, vijidudu vinakuja, dagaa wanawafuata, wavu unazungushwa.

Mwezi ukiwa mpevu, biashara inalala. Mwanga wa mbalamwezi unashindana na taa, dagaa hawakusanyiki. Basi wavuvi hupumzika, wanashona nyavu, wanakwenda kusalimia familia bara. Bila kupanga, ziwa nalo linapata mapumziko kidogo kila mwezi.

Ugomvi mkubwa uko kwenye macho ya wavu. Wavu wa milimita 10 unawapitisha wadogo wengi. Ule wa milimita 5 unazoa mpaka wale ambao hawajawahi kuzaa hata mara moja. Na wapo wanaotumia kokoro la kuburuta pembeni, na hata vyandarua vya mbu, kule kwenye maji ya karibu na nchi kavu. Ubaya ni kwamba pembeni ndiko watoto wa dagaa wanakoanzia maisha kabla ya kuhamia maji ya mbali. Ni sawa na kutega wavu kwenye geti la shule ya chekechea.

Na ile hesabu ya ukubwa inarudi hapa. Mama mkubwa anabeba mayai mengi kuliko mama mdogo. Tukiwamaliza wakubwa na kubakiza wanaozaa wakiwa na sentimeta 4, mayai ya kila mama yanapungua.

KULE VISIWANI MULEBA

Mtoto wa mjini akisikia Muleba anawaza Kamachumu, migomba na kahawa. Asisahau kwamba sehemu kubwa ya wilaya hiyo ni maji. Bumbire, Kerebe, Goziba, Ikuza, Mazinga, hivyo vyote ni visiwa vya Muleba, na kwenye mialo yake dagaa ndiye mwajiri. Kijana aliyekosa kazi Bukoba, Mwanza au Geita anapanda boti, anafika, anapata mtumbwi wa tajiri fulani. Usiku anavuta wavu, asubuhi mgao. Usiku ukiwa mtupu, mfuko nao mtupu.

Na siyo wavuvi tu. Akina mama ndio wanaoanika. Dagaa akishushwa alfajiri anatakiwa akauke siku hiyohiyo. Jua likiwaka, jioni anakunjwa safi, anang'aa. Lakini Bukoba na mvua ni ndugu wa damu. Mji ule hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mvua haiulizi umeanika nini. Dagaa walioanikwa chini kwenye mchanga wakinyeshewa wanaoza, au wanaishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Ndiyo maana wengine wameanza kutumia chanja, zile meza za wavu zilizoinuliwa. Upepo unapita chini na juu, mchanga hauingii, na anayekula hasikii kokoto kwenye jino.

Fikiria hasara hiyo. Unamvua mama wa mayai, halafu anaozea ufukweni. Ziwa limepoteza mzazi na wewe hujapata kitu.

SOKONI NA SAHANINI

Pale sokoni maongezi ya siku hizi unayajua.

"Ma, mbona hawa wadogo hivi? Si watabaki kwenye meno tu?"

"Waitu mwanangu, ndio waliopo. Nikuwekee sado ngapi?"

Usicheke. Huyo mama kakwambia kwa maneno machache kile ambacho watafiti wameandika kurasa kwa kurasa.

Na usimdharau mdogo huyo. Kwa kuwa tunamla mzima na mifupa yake, dagaa anatupa protini, chokaa ya mifupa na madini ya chuma kwa pamoja. Kwa kijana wa geto mwenye jiko la mchina, na kwa mtoto anayeachishwa ziwa la mama, hakuna nyama inayomshinda kwa bei yake. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya dagaa wa ziwa hili inakwenda kusagwa kuwa chakula cha mifugo. Kuku naye anamtaka, na kuku ana tajiri.

Jambo dogo kabla sijasahau: ukikuta mkanda mweupe ndani ya tumbo la dagaa mbichi, usipige kelele. Ni mnyoo unaoitwa Ligula. Unakuzwa ndani ya samaki, halafu unamalizia maisha kwa ndege anayekula samaki. Ukipika vizuri hauna shida kwako. Shida ni ya dagaa mwenyewe, maana unamnyima uwezo wa kuzaa. Maskini, maisha yenyewe mafupi, na bado kuna mpangaji tumboni!

SASA TUFANYEJE?

Huko Antaktika nchi nyingi zilikaa mezani, mkataba ukaanza kazi mwaka 1982, na leo uvuvi wa krili una kikomo cha tani. Huku kwetu, Tanzania, Kenya na Uganda zina Taasisi ya Uvuvi ya Ziwa Victoria yenye makao makuu Jinja, iliyoanzishwa kwa mkataba wa mwaka 1994. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Kwa hiyo kufunga kunawezekana. Ila kwa kijana wa Goziba anayekula alichovua jana usiku, miezi mitatu bila kazi siyo mchezo, na anayepanga sheria lazima aanze na swali hilo: huyu atakula nini?

Macho ya wavu ndiyo mahali pepesi pa kuanzia. Dagaa hahitaji miaka mitano ya kusubiriwa kama krili. Anahitaji miezi michache tu, azae walau mara moja, halafu chukua wako. Ni viumbe wachache sana duniani wanaolipa haraka namna hiyo. Na chanja badala ya mchanga inaongeza dagaa sokoni bila kuvua hata mmoja wa ziada.

Na wewe wa mjini unahusika pia. Ukienda sokoni angalia ukubwa. Wale wanaofanana na sindano, waache. Wa kidole, wenye mng'ao, wasio na mchanga, nunua hao, hata kama bei imezidi kidogo. Mwenye mtumbwi anasikiliza soko kuliko anavyosikiliza semina.

Leo usiku zile taa zitawaka tena nyuma ya Musira kama mwezi utaruhusu. Ukiziona, kumbuka kwamba chini yake kuna kiumbe ambaye hana mwaka wa tatu wa kujipanga. Tumpe huo mmoja.

Haya, jiko limeshika moto na nyanya zimeiva. Karibu dagaa, na tukutane wiki ijayo!